Sauti ya Baba Juu ya Spika

Juzi nilimpelekea fundi wa redio mjini Machakos kaseti ambayo marehemu baba alirekodi akitaja majina ya wazee wa ukoo wetu. Dada yangu alinisindikiza. Kwa miaka mingi nimemshtaki mbele ya jamaa kwamba alirekodi kwaya juu ya sauti ya baba, akaifuta.

Fundi alisikiliza, akatikisa kichwa. "Hakuna kwaya hapa, mzee. Ni mvumo tu. Ulikuwa unaiweka wapi?"

"Mama aliiweka kwenye mkebe wa majani chai. Mimi nikaitoa, nikaiweka juu ya spika, mahali pa heshima."

Fundi alisogeza bisibisi nyuma ya spika iliyofunguliwa mezani. Ikavutwa, ikanata.

"Spika iko na sumaku kali. Hiyo ndiyo imefuta sauti pole pole. Heri ungeiacha kwa mkebe."

Mimi ndiye mtunza kumbukumbu za familia. Niliinama, nikamnong'oneza dada, "Nisamehe."

Akakaza leso kiunoni. "Wee! Kunishtaki ulinishtaki kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Msamaha unaniletea kwa sikio?"

Kwa hiyo naandika gazetini: dada yangu hakuifuta. Niliifuta mimi.