Ugali Wangu na Kuku wa Baba Mkwe

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyowakuta kuku wakigombania ugali wangu migombani. Ugali wa wimbi, nilioupika kwa mikono yangu nikampelekea baba mkwe. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu niolewe hapa Ikonge.

Mzee alikuwa ametibiwa saratani ya koo kabla sijaja. Alipigwa mionzi Nairobi, daktari akasema amepona, na Sabato moja kanisa zima likasimama kumshukuru Mungu. Sasa mtu mzima, aliyepona, anayechuma majani chai kuliko vijana, mbona awape kuku chakula changu?

Mimi tangu utotoni ni mtu wa kushuku, sikufichi. Na kwetu Gusii, anayekataa chakula chako amekuita mchawi bila kufungua mdomo. Nikaanza kumchunguza. Hatembei bila chupa yake ya maji: kumbe anaogopa hata mtungi wangu! Kila sahani anaibeba kwenda migombani na kuirudisha tupu. Kumuuliza singeweza, maana mkamwana hamkabili baba mkwe kwa maneno kama hayo. Nikavimba, nikafunga nguo zangu nirudi kwetu Keumbu.

Mama mkwe alinikuta mlangoni na fuko mkononi.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Baba anasema mimi ni mchawi."

"Alisema lini?"

"Chakula changu kinaliwa na kuku, mama. Hiyo si kusema?"

Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya jikoni. Nikachungulia, ingawa kimila haifai. Kule migombani mzee alitia tonge mdomoni, akatafuna, akanywa maji, akatafuna tena. Halikushuka. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akalitema, akawarushia kuku lililobaki.

"Mate yake yalikauka tangu mionzi ile," mama mkwe alininong'oneza. "Anaona haya kukohoa mbele yako. Na kanisa lote lilishashukuru, atamlalamikia nani?"

Niliaibika, mwanangu. Hata leo nikisimulia uso unapata moto. Nilifungua fuko, nikapika ndizi mpaka zikalainika, na mchuzi mwingi. Sahani ilirudi tupu, na kuku wakala nyasi siku hiyo. Baada ya siku chache nikasikia ile sauti yake ya kukwaruza kutoka uani: "Mkamwana, kuna mchuzi umebaki?" Nililia nikipakua.

Basi sikia. Mtu akiambiwa amepona, usidhani amerudishiwa kila kitu. Huenda sauti yake, mate yake na utamu wa chakula vilibaki kwenye matibabu, naye anaona haya kusema. Kabla hujamshuku, uliza anamezaje. Heshima ikikuzuia, tuma mtu anayeweza kuuliza. Kisha mpikie kinachoshuka.

Mungu akupe watu wa kula kwako miaka mingi. Na koo lako likikauka siku moja, asikosekane wa kukuongezea mchuzi kabla hujaomba.