Komeo la Chumba cha Maombi

Komeo nililitia mimi mwenyewe. Nililitia kwa ndani, juu kabisa ya mlango, kwa misumari minne, kisha nikarudi nyuma hatua mbili kulitazama kama mtu aliyejenga kanisa kuu. Nilimaliza sekondari, diploma ninayo, imo ndani ya fremu ukutani, lakini sikujiuliza kwa nini chumba cha kuombea kifungwe kutoka ndani.

Mchungaji alisema watoto wa parseli, wa ua wetu, wanachungulia, na Roho hapendi kuchunguliwa. Komeo liwe juu, wasilifikie. Jirani yangu, mama muuza makala, makaa ya kupikia, alikuwa amesimama upande wa pili wa ua akinitazama nikigonga.

"Papa, Roho Mutakatifu yenu anaogopaka batoto?"

"Maman, mambo ya kiroho nyie Wakatoliki hamuyaelewi."

"Ni kweli. Sisi tunaelewaka milango tu."

Lazima niseme kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Mimi natengeneza redio na pasi barazani. Kutoka kwetu mlimani mpaka Ibanda kando ya ziwa ni mteremko wa nusu saa tu, nami naweza kumaliza miezi sijaushuka. Basi kanisa letu dogo lilipoomba chumba changu cha nyuma kwa maombi ya Jumatano, nilijiona mwenye bahati. Wengine wanamfuata Mungu kwa miguu. Kwangu alikuja mwenyewe, na viti vyake vya plastiki.

Kazi yangu ilikuwa kuimba. Mwenye shida aliingia chumbani peke yake na mchungaji ili atolewe pepo, na sisi watu watano au sita tulikaa uani tukiimba, pepo akitoka asipate mahali pa kutua. Tulifundishwa kwamba pepo husema kwa kinywa cha mtu. Atalia, ataomba aachwe. Hapo ndipo mwimbe kwa nguvu zaidi, maana anakaribia kutoka. Nami nina sauti. Mungu alininyima miguu ya kutembea akanilipa kooni.

Miongoni mwa waliokuja kulikuwa na mjane kijana, mshonaji, aliyepanda kwa miguu kutoka Nyantende. Alikuwa mfupi, wa kunifikia kifuani, na mimi mwenyewe si mrefu. Wateja walikuwa wamemkimbia tangu mumewe afe, akaambiwa amefungwa na pepo. Jumatano mbili aliingia akatoka kimya. Ya tatu, saa tisa alasiri, mvua nyembamba ikianguka juu ya mabati, tulimsikia. "Niache," alisema. "Niache, baba, niache." Tukaimba. Akasema tena, na mimi, naandika hivi nikiwa najua ninachoandika, nikapandisha sauti. Kisha chumbani kukawa kimya. Si kimya cha mtu aliyetulia. Kilikuwa chini ya wimbo wetu kama maji chini ya mbao, na kila tulipovuta pumzi tulikisikia.

Alipotoka hakututazama. Kitenge alikuwa amekivaa ndani nje, mishono yote ikionekana. Mshonaji! Mwanamke aliyekuwa akinikosoa pindo la suruali yangu. Nikajiambia: leo Roho ameshuka kwa nguvu kweli.

Hakurudi tena. Baada ya wiki chache mchungaji alihamishia maombi kwingine, akisema parseli yangu ina kelele.

Nikaamua kupaka mlango rangi. Ulikuwa na alama za mikono, mafuta yale ya upako ambayo mchungaji aliwapaka watu viganjani. Nikapaka rangi nyeupe, ikakauka vizuri. Asubuhi ya pili, viganja viwili vilikuwa vimejitokeza, vya manjano, vidole vimetanuka. Nikapaka tena. Vikarudi. Najua mafuta hayashiki rangi, mtu yeyote wa kazi anajua hivyo. Lakini mara ya tatu kilitoka na kiganja kingine nilichokuwa sijakiona, juu kidogo ya vile viwili, vidole vyembamba vimevutwa kwenda juu kama vya mtu aliyesimama kwa ncha za miguu. Kutoka ncha ya kidole kirefu mpaka kwenye komeo langu palibaki shubiri moja.

Kuku wetu, wanaoingia hata jikoni bila hodi, hawakuingia chumba kile. Jumatano moja mke wangu aliniuliza mbona naimba. Nilikuwa nimeshika pasi ya mteja na sikujua kwamba kinywa changu kimefunguka. Nikatazama saa. Ilikuwa saa tisa.

Halafu wakaja, mchana, wanawake wawili. Mmoja alikuwa mama wa makamo, anafanya kazi katika nyumba ya kusikiliza, mahali ambapo wanawake waliotendewa vibaya wanapokelewa na kusindikizwa hospitali. Wa pili alikuwa yule mshonaji. Alisimama penye mlango wa parseli, hakuingia.

"Hataingia," mama yule alisema. "Na hatarudilia mambo yake hapa, ameshayasema mahali pa kuyasema. Tribunali, papa, siku hizi unajua vile iko, kesi hazisikilizwi. Lakini wazee wa kanisa banakaa dimanche. Muchungaji anasema mulango haukufungwa, huyu angetaka kutoka angetoka. Bakimwamini yeye, ataendelea na bengine."

Nikaanza kueleza kwamba mimi si mtu wa kutoka, magoti, pia kuna redio ya mtu. Mshonaji akanikata kutoka kule aliposimama. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Papa, mi nakuuliza kitu moja. Utasema vile ilikuwa?"

Nikasema ndiyo. Sikuweza kumtazama nikisema.

Jumapili nikang'oa mlango kwenye bawaba, nikauweka kichwani, nikashuka nao mpaka Ibanda, kanisani. Mimi, nisiyetoka nyumbani, nilipita mtaani na nyumba kichwani. Vijana wa pikipiki wakacheka: "Papa, umefukuzwa na kipande chako?" Ukungu ulikuwa umefunika ziwa, na mlango ulikuwa mzito kuliko mbao zake.

Wazee walikuwa saba. Mchungaji alikaa pembeni, ametulia, Biblia magotini. Nikasema komeo nililitia mimi, juu, kwa agizo lake. Mzee mmoja akasema ni mafuta tu, mlango wowote unachafuka. Ndipo bibi mmoja, mwanamke pekee kati yao, naye mfupi, akainuka. Akausimamisha mlango. Akaweka kiganja chake juu ya kile cha juu, kikalingana, akajinyosha kulitafuta komeo. Hakulifikia. Alibaki hivyo, mkono juu, mpaka mtu akamwambia akae.

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe ulikuwa uani. Ulisikia kitu?"

Mshonaji alikuwa nyuma, mkono wake ndani ya mkono wa mama wa nyumba ya kusikiliza.

"Tulikuwa tunaimba," nikasema.

Wazee wakanong'ona, wakasema mlango peke yake hautoshi, watakaa tena Jumapili ijayo, mpaka hapo mchungaji ataendelea na kazi. Mama yule alinishukuru kwa kubeba mlango. Mshonaji hakungoja. Alikuwa ameshatoka.

Nilifika kwangu jua likiwa bado juu, shingo ikiniuma, nikingoja angalau jirani anipe pole. Muuza makala alikuwa akipanga mafungu yake. Nikamweleza yote, hata jibu langu, nikilisema harakaharaka. Akapangusa mikono, akanitazama kama anavyotazama makala mabichi.

"Basi ulibeba mulango mpaka kule kusudi ujifiche nyuma yake? Dimanche rudi, papa, na useme ulimusikia. Hata mimi nilimusikia, na niko ngambo ya ua."