Asidi Kwenye Ndoo ya Mama

Ndoo ilikuwa ya mama, ya kuchotea maji. Maandishi ndiyo yalikuwa yangu. BUSAA SAFI, KARIBUNI WATEJA, kwa kalamu nene isiyofutika. Rafiki yangu alikuwa ameona povu likipanda kama la pombe akacheka hadi akakaa chini, na mimi mtu akicheka siwezi kuachia hapo.

Ndani hakukuwa na busaa. Kulikuwa na mradi wetu wa sayansi. Mwalimu wa kemia alituambia asidi ya maziwa inaweza kutengenezwa bila kutegemea maziwa, bora kuwe na sukari ya mmea na vijidudu vya kuila, na kwamba viwandani wanaitumia kutengeneza plastiki inayooza. Sukari ya bure tuliijua: vile vipande vya mwisho vya miwa, vyenye fundo, anavyotupa mzee wa mkokoteni pale steji ya Kawangware 46. Tuliviokota kando ya mtaro. Kimoja kilikuwa na alama ya kiatu. Tukaponda, tukakamua, tukachemsha, ikapoa, tukatia kijiko kimoja tu cha mala, yale maziwa yaliyochachushwa, ili vijidudu vyake vianze kazi. Halafu maganda ya mayai yaliyosagwa ya kupunguza makali, maana asidi ikizidi inaua vijidudu vyenyewe vilivyoitengeneza. Povu lilitoka kwa hayo maganda.

Rafiki yangu anaishi Makina, kule Kibera. Nyanya yake aliitazama ndoo mara moja tu, akasema kitu kinachochemka bila moto hakilali kwake. Ndiyo ikaja kwetu Kabiro, chumba kimoja, nikaifunga na leso ya mama isishikwe na baridi.

Jumamosi leso ikateleza, jirani akasoma yale maandishi. Kwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga ukipatikana na pombe unahama siku hiyo hiyo, na mwenye ploti, bibi kizee mmoja mfupi tunayemwita cucu, hajawahi kurudi nyuma kwa hilo. Alifika mlangoni na nusu ya ploti nyuma yake. Mama alikuwa anafua. Mama anaimba kwaya. Mama hajawahi kuonja pombe maisha yake yote.

“Na mimi nilikuwa nakuona mtu wa kanisa,” cucu akamwambia.

“Cucu, si pombe,” nikaingilia. “Ni asidi ya maziwa.”

“Maziwa iko wapi? Mimi nasikia harufu ya miwa.”

“Haitoki kwa maziwa, cucu.”

“Huyo ashalewa!” mtu akapiga kelele, ploti nzima ikacheka.

Cucu hakucheka. “Kama si pombe, inywe tuone.”

Wote wakanigeukia. Mradi ni wangu, mdomo ni wangu, siku zote ndio wa kwanza kufunguka. Nikachungulia ndani ya ndoo. Tuliichemsha, ndiyo, lakini niliona mtaro. Niliona kile kiatu. Mkono wangu ukakataa kuinuka.

Mama akafuta povu la sabuni kwenye sketi, akachukua kikombe, akachota, akanywa chote. Uso ukamkunjika kama karatasi.

“Ni chachu,” akasema. “Onja, cucu.”

Cucu alinusa, akagusa na ncha ya ulimi, akatema. “Kweli. Pombe haiwezi kuwa mbaya hivi.”

Watu wakacheka tena, wakaenda. Hatukuhama.

“Hiyo miwa mlitoa wapi?” mama akaniuliza, akirudi kwa nguo zake.

“Kwa mzee wa mkokoteni.”

“Hmm. Ni mzee mzuri.”

Jioni nzima nilisikia tumbo lake likinguruma. Sikuwa na mzaha wowote, nilitafuta, haukuwepo.

Ndoo nimeisugua na jivu na waya wa sufuria. Herufi zimefifia, lakini bado zinasomeka. Nilimwambia mama nitakuwa nikienda kuchota maji mferejini mwenyewe. Akasema, “Wewe soma.” Kwa hivyo anaenda yeye, na namwona kutoka mlangoni: anaibeba upande ule wenye maandishi ukigusa sketi yake.