Gari la Kumpeleka Bibi Songea

Baba yangu aliendesha malori tangu kabla ya Uhuru, na kitu alichokijua kuliko vyote, nadhani hata kuliko sisi wanawe, ni barabara ya kusini. Kwa hiyo habari ilipotufikia Visiga kwamba mama mkubwa anaumwa sana huko Songea, na kwamba anamwita mama yake, hakukuwa na mjadala nani ataendesha. Mjadala ulikuwa ni gari.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Aliolewa na Mngoni aliyekuja kwetu kukata mkonge, na mkataba wa mumewe ulipokwisha wakaondoka wote. Tangu hapo bibi, mama yao, hakumtia bintiye machoni tena. Bibi aliishi Msimbu, kule Kisarawe, na mihogo yake na mikorosho yake, na miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Basi lingemmaliza. Isitoshe, ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, na basi lenyewe lilikuja likipenda. Kutoka Makambako kwenda mbele njia ilikuwa bado ya udongo, na masika yakishika kasi hapiti mtu kule bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Bahati yetu ilikuwa ya ajabu, maana tulipata magari mawili ya kuchagua. Padri wa parokia ya jirani, ambaye baba alimtengenezea injini mara nyingi na kukataa malipo, alitupa Landrova yake fupi. Baba alilala chini yake, akaigongagonga, akatoka akitabasamu. Springi nzima, tairi zina meno, gia ya kuvuta mbele inaingia bila kubembelezwa. Tungeweza kuondoka kesho yake asubuhi. La pili lilikuwa Landrova ndefu ya mfanyabiashara mmoja wa Mlandizi. Hilo lilikuwa juu ya mawe, linasubiri klachi kutoka mjini, na klachi siku zile haikununuliwa, iliombewa dua.

Mtu yeyote mwenye akili zake angechukua la padri. Sisi tulichagua la juu ya mawe, kwa sababu ya kiti.

Ile fupi, mbele ilikuwa na nafasi ya dereva na mtu mmoja tu. Nyuma yangepangwa mapipa ya petroli, maana huko mbele hakuna uhakika wa kuipata, na tairi za akiba, na chakula, kisha mama na mimi tungejibanza juu ya mizigo. Bibi asingeweza kukaa huko. Angekaa mbele, ubavuni mwa baba, na baba ni mkwewe. Kwetu Wazaramo mwanamume na mama mkwe wake hawali pamoja, hawaketi mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja husogea pembeni mwenzake apite. Baba alimwamkia bibi kwa mbali, macho chini, na neno lolote zaidi ya shikamoo lilipitia kwa mama. Sasa wakae bega kwa bega mpaka Songea, na mkono wa gia katikati yao?

"Baba watoto, mama ataketi wapi?" mama aliuliza, ingawa aliona mwenyewe.

Baba alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. "Hilo halisemeki. Tungoje lile refu. Lina viti vya katikati."

"Lakini mama mkubwa naye anangoja," nikasema, mimi niliyekuwa tayari mwalimu wa shule.

"Unataka bibi yako aaibike?" mama akanikata, na hapo maneno yakaisha. Kumuuliza bibi mwenyewe halikuwa jambo la kufikirika. Swali lenyewe tu lingekuwa matusi.

Tukangoja. Baba alikwenda mjini na kurudi mikono mitupu, akaenda tena. Klachi ilipopatikana hatimaye, alishangilia kama aliyepata mtoto wa kiume. Nikikumbuka furaha ile nasikia uchungu mpaka leo.

Tukampitia bibi Msimbu, akaketi kiti cha katikati, kanga imemfunika hadi kwenye paji la uso. Baba akageuza kioo cha ndani kikatazama dari, macho yao yasije yakagongana. Tulisafiri hivyo, watu wenye adabu sana, mpaka tulipoipita Njombe na mvua ikatukuta. Gari lile lilikuwa refu na zito. Kwenye kona moja ya tope mkia ulitangulia, tukaingia mtaroni, na maji yakaanza kupanda milangoni.

Bibi hakuweza kutembea kwenye tope lile, na mama na mimi tulijaribu kumbeba tukaanguka. Basi baba akageuka, akainama, akampa mgongo. Mama alijifunika uso kwa kanga asione. Bibi akamshika mkwewe shingoni, baba akapanda naye mpaka pakavu, anahema, anajisemea, "Lile fupi la padri lingepita hapa."

Wanakijiji walitutoa, tukafika. Mume wa mama mkubwa alikuwa uani, peke yake. Alitupokea, akampa bibi kiti, ndipo akasema, "Tulimzika Ijumaa iliyopita."

Ijumaa hiyo sisi tulikuwa bado Mlandizi, baba yuko chini ya gari anafunga klachi, anaimba.

Bibi hakulia hapohapo. Alimgeukia baba, uso kwa uso, bila kumpitia mama, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani.

"Mkwe wangu, hilo gari la padri lilikuwa na kasoro gani?"

Baba alitazama ardhi. "Halikuwa na kasoro, mama."

"Sasa?"

Mama ndiye aliyejibu, "Kiti, mama. Ungelazimika kukaa naye mbele."

Bibi alitutazama mmoja mmoja, mama, baba, na mimi mwalimu mzima niliyenyamaza.

"Ningekaa," alisema. "Kwa mwanangu ningekaa hata mapajani mwake. Mngeniuliza."