Mawe ya Kusagia Yaliyozungushwa na Upepo

Hoteli niliyofanyia kazi Lusail, nchini Katari, ilipoamua kufungua mgahawa wa mikate, wakubwa wake hawakutosheka na mikate. Walitaka na historia. Wakaagiza kutoka Ulaya maonyesho ya mabaki ya bekari ya Warumi iliyofukiwa na majivu ya volkano karibu miaka elfu mbili iliyopita: mawe matatu ya kusagia ngano, kipande cha tanuri, na mkate mmoja uliogeuka mkaa, juu yake pana alama za vipande vinane. Mkate ulikuwa wa jasi iliyopakwa rangi. Mawe mawili nayo yalikuwa ya jasi. Jiwe moja tu lilikuwa la kweli, na hilo ndilo waliloliwekea taa hafifu kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na ufa.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa saba wa kutandika vitanda vya wageni. Nilikuwa na shahada ya akiolojia, na misimu miwili ya kuchimbua magofu ya pwani ya kwetu nikiwa nimepiga magoti juani. Shahada yenyewe ilikaa ndani ya bahasha, chini ya godoro, katika chumba cha mtaa wa Al Mansoura tulimolala wanawake watano. Meneja wa maonyesho, bwana aliyelitamka neno "urithi" kama mtu anayesifia supu, alipata habari zangu kwa msimamizi wa usafi. Akaniita. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kabati lake la nguo linajua kusoma.

"Kiarabu unajua? Kiingereza? Vizuri. Siku ya ufunguzi utawatembeza wageni wa kwanza. Ukifaulu, wewe ndiye mwongozaji kwa muda wote wa maonyesho, na baada ya hapo unabaki mapokezi. Ukishindwa, unarudi ghorofa ya tisa."

Niliitaka nafasi ile kwa uchu. Nilikwisha kuvuka miaka arobaini; mgongo ulikuwa umeanza kunidai miaka yote niliyouinamisha, na nilikuwa nimechoka kuulizwa habari za mito na taulo tu, mwaka hadi mwaka.

Siku tatu kabla ya ufunguzi nikapelekwa ukumbini. Mafundi walikuwa wameyapanga mawe yakiegemea ukuta, yamebanana kama masufuria dukani.

"Punda atapita wapi?" nikauliza.

"Punda gani?" akasema meneja.

Nikamweleza, kwa adabu ambayo leo naiona ilikuwa ya bure. Jiwe la juu lilichomekwa magogo ubavuni, na punda aliyefungwa kitambaa machoni akalizunguka kutwa nzima. Palipokuwa na nafasi finyu walisukuma watu, nao walikuwa watumwa, na bekari nyingine zilikuwa na madirisha ya nondo ili wasitoroke. Kwa jinsi mawe yalivyopangwa, nikamwambia, hapa hata paka hawezi kuzunguka. Ama yasogezwe, ama tukiri kwamba yamewekwa kwa ajili ya picha.

"Mawe hayasogezwi. Mpiga picha amekwisha kupima. Na hayo ya watumwa, mbele ya watu wanaokula? Hapana." Kisha akafikiri, nami nikashuhudia jinsi jambo hilo lilivyomchosha. "Sema yalizungushwa na upepo."

"Ndani ya nyumba?"

"Nani atauliza?"

Mlinzi wa mlangoni, Mkenya aliyezoea kunitania, alikuwa amesikia yote. Nilipopita akanong'ona, "Profesa wa mashuka, si useme tu upepo? Kwani hao Warumi watakuja kulalamika?"

"Wewe ungesema?"

"Mimi? Nikipewa hiyo job, siz, nitawaambia hizo mawe zilikuwa za betri."

Nilicheka. Nilimdharau meneja kwa moyo mweupe, na dharau hiyo ikanistarehesha siku tatu nzima. Nilidhani kumdharau kulitosha kunitofautisha naye.

Siku ya ufunguzi wageni walipita wakiwa na vikombe mkononi. Walilipiga picha tanuri na kuusifu mkate wa jasi kwa jinsi ulivyohifadhika. Mmoja aliuliza kama unauzwa. Kisha akaja bibi mmoja wa Kikatari, mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe la kweli, akaweka kiganja juu yake karibu kabisa na kibao kilichokataza kugusa. Meneja hakuthubutu kumzuia.

"Hili kubwa, binti yangu," akaniuliza kwa Kiarabu, "nani alikuwa akilizungusha?"

Meneja alisimama nyuma yangu. Kiarabu hakukijua, lakini neno moja alikuwa amejifunza makusudi, na nilijua analisubiri.

"Upepo, mama," nikasema.

Bibi hakulitazama jiwe. Alinitazama mimi, muda mrefu, bila hasira.

"Nyumbani kwa babu yangu," akasema, "jiwe la kusagia lilizungushwa na mwanamke aliyeletwa kutoka pwani ya kwenu. Ndiye aliyenilea. Hakuwa upepo."

Mjukuu akamvuta mkono kwa haya. Bibi akaondoka polepole, kiganja chake kikiwa cheupe kwa vumbi.

"Amesema nini?" meneja akaniuliza.

Nilikuwa na sentensi tatu tu za kutafsiri. Zilikuwa fupi, na Kiingereza changu kiliziweza. Nikaiona ghorofa ya tisa, vyumba kumi na vinne, na magoti yangu kwenye zulia.

"Amesifia mawe," nikasema.

"Bora kabisa!" Akanipa mkono, na papo hapo akanibandikia kifuani beji ya mwongozaji. Iliandikwa vizuri, herufi za dhahabu. Mlinzi akaniinulia kidole gumba kutoka mlangoni, nami nikamwitikia kwa kichwa, kama watu wakubwa.

Kundi la pili lilikuwa linasubiri. Katika kundi hilo hakuna hata mmoja aliyeuliza mawe yalizungushwa na nani. Niliwaambia mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba ni upepo.