Nyama Ngumu, Mkate wa Kuchovya

Mshona viatu wa nyuma ya posta huitwa Kisigino, na jina hilo halimuudhi. Husema kuna watu wanaoitwa mambo mabaya zaidi, na kisigino angalau hubeba mtu. Kibanda chake ni chembamba kama bahasha, kimebanwa kati ya duka la vioo na ngazi za ghorofa. Mteja akiingia, fundi huvuta magoti. Humo hufanya kazi zisizotaka kusukumwa: ngozi ilowe, gundi ikauke, kiatu kinachobana kikae kwenye kalibu hadi kikubali. Akiulizwa kitakuwa tayari lini, hujibu, "Kikiwa tayari." Watu hununa, huondoka, halafu hurudi, kwa sababu viatu vilivyopita mikononi mwa Kisigino haviachami.

Nyumbani kwake, juu ya ngazi hizohizo, kulikuwa na kiti mezani kisichokaliwa.

Kilikuwa kiti cha mama yake. Mama huyo alikuwa mnadi. Miaka yote ya nguvu zake alisimama mbele ya ukumbi wa mnada akiuza makabati kuukuu, vitanda vya waliohama na meza zenye miguu isiyopatana, na husimuliwa kwamba aliwahi kumuuzia mtu kabati lake mwenyewe, na mtu akashukuru. Alipostaafu akauhamishia ulimi wake mezani kwa mwanawe. Alimsimanga mkwewe kwa mapazia, mjukuu kwa nywele, mwanawe kwa kila kitu. Wote watatu walilalamika, na wote watatu waliwahi chakula.

Kisha meno yakaanza kulegea. Daktari akayang'oa yaliyobaki, akampa ya bandia. Yalimbana. Akamletea mwanawe yakiwa ndani ya kikombe.

"Wewe si hutanua viatu? Tanua na haya."

Fundi aliyageuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akayatazama kwa heshima. "Mama, haya hayana kalibu."

"Basi wewe fundi gani."

Hiyo ikawa kejeli yake ya mwisho. Tangu siku hiyo aliyaacha meno kikombeni, akahamishia mlo wake chumbani. Uji asubuhi, uji mchana, jioni viazi vya kuponda, mlango umefungwa. Akiulizwa jambo, alitikisa kichwa, au alijibu kwa neno moja huku mkono umefunika mdomo. Nyumba nzima ikaanza kumsemesha kwa sauti ya chini, kama watu walio karibu na mtoto aliyelala. Akakonda. Nguo zake zilibaki zilezile, yeye ndiye aliyepungua ndani yake.

Siku moja mjukuu wake, binti wa fundi, ambaye husuka nywele saluni na hivyo hajui kukaa na habari, alimfuata baba yake kibandani.

"Bibi anataka kuhamia kwa shangazi. Shangazi anakuja kumchukua Jumapili."

Shangazi, dada mkubwa wa fundi, aliishi peke yake upande wa pili wa mji. Kwake hakukuwa na meza. Alikula amesimama kando ya sinki, akimaliza anaosha sahani kabla haijapoa. Ilikuwa nyumba nzuri kwa mtu asiyetaka kutazamwa.

"Anakwenda kwa muda gani?" fundi aliuliza.

"Amesema na godoro."

Fundi aliweka nyundo chini. Mtu anayebeba godoro haendi kutembea.

Jioni hiyo walikaa jikoni watatu, wakinong'ona. Binti alitoa simu, akawaonyesha watu wa mbali wakila mikate iliyojazwa nyama ya nyuzinyuzi. Kila mmoja alikuwa na kibakuli cha mchuzi mwepesi mbele yake, na kabla ya kuuma aliuzamisha mkate humo mpaka ukalainika.

"Wanachovya, baba. Watu wazima, na meno yao yote, wanachovya."

Fundi alitazama tena. Aliwahesabia meno kwa macho, kweli yalikuwapo.

"Kwa hiyo," mkewe alisema, "sote tukichovya, hakuna atakayeonekana anachovya."

"Ndiyo hivyo."

"Na nyama?"

"Inapikwa siku nzima mpaka inajifia yenyewe."

Mkewe alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na mteja mmoja aliyekuwa akihama alikuwa amemwachia jungu la umeme. Lilikuwa zito, la udongo ndani, na mfuniko wa kioo. Kitufe chake kilikuwa na alama tatu: zima, pole, na pole zaidi. Fundi alipoisoma ile ya tatu alilipenda lile jungu.

Keshoye alikwenda buchani.

"Nipe nyama ngumu."

Bwana wa bucha alishusha kisu. "Rudia."

"Ngumu. Ya bega au ya kidari. Yenye nyuzi."

"Mzee, mimi hapa watu huniomba laini, nawapa ngumu, tunagombana. Wewe unataka kuniharibia kazi?"

"Unayo au huna?"

"Ninayo tele. Ila sijawahi kuiuza kwa jina lake."

Jaribio la kwanza fundi alilifanya peke yake, wengine wakiwa kazini, na hapo ndipo ufundi ulipomponza. Aliitazama ile nyama, akalifikiria joto la siku nzima, akaona itaachana vipandevipande. Kitu kuachana ndicho anachokichukia kuliko vyote duniani. Akashuka kibandani, akarudi na uzi wake wa kushonea soli, ule uliosuguliwa nta hadi ukawa mgumu kama waya. Akaizungushia nyama, akakaza, akafunga fundo ambalo halijawahi kufunguka kwenye kiatu cha mtu yeyote. Akaiweka junguni, akabonyeza pole zaidi, akarudi kazini ameridhika.

Jioni mkewe alifunua. Mchuzi ulikuwa unang'aa kama kitu kilichopigwa brashi.

"Fundi. Umeishona nyama?"

"Nimeifunga. Isiachane."

"Bwana wee, tunapika siku nzima ili iachane, wewe unaifunga isiachane?"

"Sikuambiwa."

"Ungeambiwaje? 'Tafadhali usiitie soli'?"

Uzi haukukatika kwa kisu cha jikoni. Ilibidi fundi ashuke kibandani kufuata kile cha ngozi. Binti alionja mchuzi kwa ncha ya kijiko, akafikiri kidogo.

"Huu naujua," alisema. "Ni wa mguu wa kulia."

Mkewe akaegemea sinki akacheka hadi akakaa. Kutoka chumbani kwa mama kulisikika kitu, kikohozi kifupi, au pengine si kikohozi. Fundi alisimama na kisu mkononi, akisikiliza. Hakikuja kingine. Mchuzi ukamwagwa.

Jumapili mkewe hakumruhusu kugusa. Kulipopambazuka aliikausha nyama kwa kitambaa, akaipaka chumvi na pilipili manga, akaikaanga kila upande kwenye kikaango cha moto mpaka ikapata rangi ya hudhurungi. Kwenye mafuta yaleyale akatia vitunguu vingi, kitunguu saumu na karoti, kisha nyanya ya kopo kijiko na siki tone tu. Vyote vikaingia junguni na maji ya kufika mabegani mwa nyama, si kichwani. Akafunika.

"Sasa usifunue. Ukifunua, joto linatoka na tunaanza upya."

Fundi alivuta kiti, akakaa mbele ya jungu, akaitazama nyama kupitia kioo kwa namna ambayo watu humtazama yeye.

"Itakuwa tayari lini?"

"Ikiwa tayari," mkewe alisema, akaenda kukunja nguo.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilijaza jikoni, ikatoka ukumbini, ikajipenyeza chini ya mlango wa mama bila kubisha. Mchana, uma ulipoingia nyamani bila kuombwa, mkewe aliitoa kwenye sinia, akampa fundi uma mbili.

"Haya, sasa iachanishe."

Alifanya kazi hiyo uma huku na uma huku, akifuata nyuzi zinakoelekea. Ilimuuma kidogo, lakini aliifanya vizuri. Mchuzi ukaenguliwa mafuta, ukachujwa, ukamiminwa kwenye vibakuli, kila mtu chake. Mikate mirefu ikapashwa moto hadi ganda likawa kavu, ikapasuliwa, ikajazwa nyama na vitunguu vilivyolainika.

Shangazi alifika na gari la kuazima, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliye kituoni.

"Wifi, mimi sina muda," alimwambia mke wa fundi. "Gari la watu hili."

"Ule kwanza, wifi. Gari halili."

Fundi alikwenda kubisha chumbani. Alikuwa amejiandalia maneno mengi, yakamkimbia yote mlangoni.

"Mama. Chakula." Akangoja. "Leo sote tunachovya."

Kitasa kikazunguka. Mama alitoka na ncha ya mtandio imefunika mdomo, akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akakaa kwenye kiti chake. Hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wamekubaliana kutosema kitu, na walilitekeleza hilo kwa bidii ya kutisha.

Wakachovya. Mchuzi ulidondoka kwenye kola, kwenye mkeka wa meza, kwenye kiwiko cha shangazi. Mama aliwatazama mmoja mmoja. Akauchukua mkate wake, akauzamisha mpaka vidole vikalowa, akauinamia, akala. Ulikuwa laini. Nyama ilikuwa laini. Akazamisha tena. Alimaliza mkate wa kwanza, mkwewe akamsogezea wa pili bila kumtazama, naye akaupokea bila kushukuru.

Fundi alipaswa kufurahi. Lakini kati ya tonge na tonge mkono wa mama ulirudi mdomoni, na kutoka nyuma ya mkono ule hakukutoka hata neno. Alikula kama mgeni katika nyumba ya watu wenye msiba. Fundi akaweka mkate wake chini. Kilichokuja mezani, aliona, ni tumbo. Mnadi alikuwa bado yuko chumbani amefunga mlango. Haikuwa kutafuna kulikomfungia mama yake mle ndani. Ilikuwa kusema: maneno ambayo sasa yangetoka na upepo, mbele ya watu waliozoea kuyasikia yakitoka yamenyooka. Na fundi hakujua jungu la kulainishia hilo.

"Mama," shangazi alisema, "ukimaliza twende."

Mama aliitikia kwa kichwa.

Binti aliposikia hivyo alitaka kupinga, na alitaka kupinga papo hapo, mdomo ukiwa umejaa mkate uliolowa. Alitoa sentensi ndefu yenye uchungu mwingi, na hakuna aliyeelewa hata silabi.

"Unasema nini?" mke wa fundi alimkaripia, naye mdomo umejaa, kwa hiyo hakueleweka.

Fundi akauliza kulikoni. Alikuwa amemeza nusu tu. Shangazi akajibu kitu, mchuzi ukamtoka puani. Kwa kitambo meza nzima ilikuwa watu wazima wakiguguma kama mabomba ya maji.

Mkono wa mama ulishuka.

"Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, "mimi sina hata jino moja na bado nasema vizuri kuliko wewe."

Kila neno lilikuja na mluzi. Lilipita juu ya meza kama upepo chini ya mlango. Mke wa fundi alitazama kibakuli chake. Fundi alitazama kibakuli chake. Walikuwa wamefundishana upole kwa muda mrefu hata hawakujua wafanye nini kingine. Mama aliwaona wakiinama, na mkono wake ukaanza kupanda tena.

Binti alimeza.

"Bibi, wewe na filimbi yako hiyo."

Mkono wa mama ulisimama katikati ya njia, kati ya meza na uso, ukakaa hapo.

"Filimbi ni ya refa," mama alisema taratibu. "Na refa ndiye anayetoa watu nje. Kaa vizuri."

"Nimekaa, bibi."

"Umekaa kama nywele zako."

Mkono ukashuka, ukashika mkate. Kisha ikaanza. Yote aliyoyaweka chumbani tangu meno yalipotoka yalikuja kwa mpigo, kwa miluzi na mate: mapazia ya mkwe, ambayo alikuwa akiyasikia kwa masikio tu na bado yalikuwa mabaya, fundi wa kushona ng'ombe, anayeogopa nyama isije ikapoteza soli, hili jungu lenyewe. "Tumeambiwa jungu kuu halikosi ukoko. Hili halina ukoko hata kidogo. Ni jungu la wapi?"

"Mama, ni la umeme," fundi alisema.

"Ndiyo maana. Halijawahi kuungua, litajua nini."

"Mama," shangazi alisema, "nimekwambia gari ni la watu."

"Basi warudishie watu gari lao."

Shangazi alimtazama ndugu yake. Ndugu yake alikuwa akikagua mkate wake kwa makini, kama mtu anayetafuta mahali mshono ulipoanza kufumuka. Shangazi akaegemeza mgongo kwenye kiti.

Mke wa fundi aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na mchuzi uliobaki, akakijaza kibakuli cha mama hadi ukingoni. Mama alichovya, akaendelea kusema huku anatafuna, jambo ambalo alikuwa amemkataza mwanawe tangu utotoni. Hakuna aliyemkumbusha.