Ini la Mbuzi wa Dada

Kila nikipita Lusahunga na kusikia harufu ya maini yanayochomwa kwa ajili ya madereva wa malori, hasira hunipanda.

Dada yangu alikuwa kidato cha pili. Ndoo moja ya maji ilimwacha akihema, na alikuwa akibandua udongo wa ukuta na kuutafuna. Mvivu, wakamwita! Mwalimu akamchapa. Nesi wa zahanati ndiye pekee aliyemfunua kope.

“Mzee, huyu hana damu,” alimwambia baba. “Kila mwezi inamtoka, na chakula chenu hakiirudishi. Mbali na vidonge hivi, ale maini.”

Baba akachinja mbuzi. Kwa ajili ya dada, alitutangazia. Dada mwenyewe akalichoma ini, moshi ukimliza, kisha akapiga magoti akamwandalia baba, maana kwetu ini ni la mwenye mji. Baba akala taratibu, akasifu chumvi.

“Na wewe kunywa mchuzi, mwanangu, upate damu.”

Hakuna aliyeshangaa. Mimi, mtoto wa kiume wa miaka saba, mashavu yamejaa, nilimegewa kipande. Nilikila nikimtazama dada, kisha nikaomba kingine.